Mwezi wa Pembe Tatu

Kuna watu wakikusalimia wanakutazama usoni, na kuna wanaoanzia kwenye viatu. Daktari huyu alianzia kwenye kucha. Sokoni, benki, msibani, popote pale; ukimpa mkono aliushika kidogo zaidi ya adabu inavyoruhusu, akaugeuza kwenye mwanga, ndipo akakumbuka kuuliza habari za nyumbani. Mumewe alishasalimu amri zamani. "Siku niliyompelekea ua," aliwaambia wageni, "ua aliliweka mezani, mkono wangu akabaki nao."

Tusimcheke sana, maana ndiyo kazi iliyomweka mjini. Alikuwa daktari wa ngozi za watoto, na miongoni mwa watoto hao aliwapenda zaidi waliozaliwa na kucha zisizo za kawaida: zilizopinda, zilizogawanyika, zilizokosekana kabisa. Wenzake waliona kucha ni jambo dogo. Yeye aliona kila ukucha ni dirisha, na alikuwa na tabia mbaya ya kuchungulia.

Chumba chake kilikuwa mwisho wa korido, baada ya stoo ya mashuka. Ndani kulikuwa na kitanda cha kupimia wagonjwa, meza, taa yenye shingo ndefu, rula, kamera iliyofungwa kwenye mkono wa chuma, na kitambaa cha buluu kilichopigwa pasi. Kila mtoto alipigwa picha kwa namna moja: mikono juu ya kitambaa, viganja chini, vidole vimetanuliwa, rula pembeni. Utaratibu huo aliubuni mwenyewe, na hakuna kitu alichokionea fahari kama hicho. Wanafunzi wa udaktari waliothubutu kutandika kitambaa upande walikiona cha moto.

Asubuhi hiyo waliingia mama na binti yake kuchukua majibu. Mama alikuwa msusi, mwanamke wa maneno ya haraka, mwenye kucha ndefu za bandia za rangi ya zambarau ambazo daktari aliziangalia kwa huzuni ya mtu aliyefungiwa mlango. Binti alikuwa wa chekechea, na wote walimwita Bondia. Alikuwa anaanguka ovyo, nyumbani, shuleni, hata mahali pasipo na kitu cha kujikwaa, na kila akiinuka alikunja ngumi kana kwamba sakafu ndiyo iliyomchokoza. Mara ya kwanza daktari aliposimuliwa hayo alicheka sana, wala hakuuliza kwa nini mtoto anaanguka.

Kilichowaleta kilikuwa kucha za vidole vya shahada, vya mikono yote miwili. Zilikuwa ndogo na nyembamba, na mwalimu alikuwa ameamua kuwa ni fangasi. Saa ya kufinyanga udongo Bondia aliwekwa meza ya peke yake, karibu na ndoo ya takataka, asije akawaambukiza wenzake. Daktari alikuwa amekata kipande kidogo cha ukucha akakipeleka maabara, akapiga picha zake, akawaambia warudi.

"Si fangasi," alisema sasa. "Amezaliwa nazo. Haziambukizi, haziumi. Mwambie mwalimu amrudishe kwa wenzake, pamoja na udongo wake wote."

"Nilijua mimi!" Msusi alipiga makofi. "Haya, mzigo mmoja nimeutua. Maana wiki ijayo naingia kukatwa, sikutaka kuacha kiporo."

"Kukatwa nini?"

"Namtolea mama yangu figo."

Akaeleza yote kwa pumzi moja. Figo za mama yake zilikuwa zimekufa, madaktari wakasema ni presha. Sasa alikuwa akisafishwa damu kwa mashine ghorofa ya juu, jengo hilihili, na hata wakati ule alikuwa huko. Msusi alikuwa amepimwa kila kinachopimika. "Damu yangu na yake zimekubaliana, mkojo safi, moyo mzima. Mama amebaki macho tu, daktari. Hamalizi mwaka kwenye ile mashine. Kaka yangu yupo, mwanaume mzima, dereva wa lori, ila akiona sindano anazimia. Kwa hiyo ni mimi." Alisema "ni mimi" kwa furaha, kama mtu aliyeitwa jina lake kwenye zawadi.

Daktari alimpongeza kwa moyo wote. Akazima taa ya mezani, akainuka. "Haya Bondia, kwaheri. Usipigane na mtu."

Bondia hakujibu kwa mdomo. Alipanua miguu, akakunja ngumi mbili, akaziinua mbele ya kidevu tayari kwa pambano. Vidole gumba vililala mbele ya ngumi, na kucha zake zikamtazama daktari uso kwa uso.

"Subiri," daktari alisema. "Usishushe. Hebu usishushe kabisa."

Wewe unayesoma, weka kiganja chako mezani utaona mwenyewe. Vidole vinne vinaangalia juu, lakini gumba linalala ubavu. Daktari wetu alikuwa amekitanua kitambaa chake, ameipanga rula yake, akapiga picha vidole vinane vya kila mtoto na ubavu wa viwili vilivyobaki. Kwa macho alitazama kile alicholetewa tu, vidole vya shahada. Kwingine kote aliiachia kamera. Na kamera haina kosa, inapiga inachoonyeshwa.

"Mjinga mimi!" alisema kwa sauti.

"Mjinga ni tusi," Bondia alimwambia bila kushusha ngumi.

"Kweli. Samahani."

Aliwasha taa tena, akakivuta kidole gumba cha mtoto kwenye mwanga. Nusu ya ukucha, ile ya upande wa kidole cha pili, haikuwepo kabisa; palikuwa na ngozi laini tu. Na chini ya ukucha, pale ambapo kila mtu ana kimwezi cheupe kilichojikunja kama upinde, mwezi wa Bondia ulikuwa na ncha katikati. Ulikuwa wa pembe tatu, kama paa la nyumba anayochora mtoto. Daktari akahamia kidole cha shahada, ncha ipo lakini hafifu. Cha kati, karibu sawa. Kadiri alivyokaribia kidole cha mwisho kucha zilizidi kuwa nzuri, mpaka kile kidogo kikawa hakina neno. Mkono wa pili, vilevile.

"Mpandishe kitandani. Viatu vua. Bondia, nyoosha mguu."

Alipapasa goti. Pia ya goti, ule mfupa wa mviringo unaokaa mbele, ilikuwa ndogo mno, imekaa pembeni, inateleza chini ya kidole. La pili hivyohivyo. Akamwomba anyooshe mikono, na viwiko vikagoma kabla ya kufika mwisho. "Ndiyo maana anaanguka!" alisema. "Si utundu. Goti halina wa kulishika."

Tuseme ukweli kuhusu furaha yake: ilikuwa kubwa na haikuwa na haya. Hali ile alikuwa ameisoma tangu chuoni na hajawahi kuikuta, na sasa ilikuwa imekaa kitandani kwake ikichezesha miguu. "Mama, hizi kucha, magoti na viwiko ni kitu kimoja!" alisema akimgeukia msusi. "Chanzo ni kimoja. Tutampiga eksirei tuhakikishe, lakini huo mwezi wa pembe tatu hausemi uongo. Ni hali ya kurithi, mara nyingi baba au mama anayo. Na mkojo tutaupima kila mwaka, kwa sababu wengine inawagusa figo."

Neno lilimtoka na hakuweza kulirudisha.

Msusi alikuwa ameketi mikono juu ya mapaja; sasa aliikunja taratibu, akaificha kwapani.

"Baba yake ana kucha nzuri sana," alisema mwishowe, ingawa hakuna aliyeuliza.

"Mama Bondia, naomba nione vidole vyako gumba."

"Vya nini?"

"Unajua vya nini."

"Hizi zina gundi. Nitazitoa siku ya upasuaji, ndivyo walivyoniambia."

"Hata hapa tunaweza kuzitoa."

Msusi alimkazia macho. "Ukiona, utaandika?"

"Nitaandika."

"Na ukiandika, watanikataa."

"Nadhani watakukataa."

"Basi usitazame." Hakusema kwa ukali. "Nakuomba kama dada yangu. Wiki moja tu, jifanye hukuona. Vipimo vyangu safi, si wamevisoma wenyewe?"

Daktari alikuwa ameombwa mengi maishani: dawa, barua, nafuu ya foleni. Hakuwahi kuombwa asitazame. Aliketi kwenye ukingo wa kitanda karibu na Bondia, na ile furaha yake ikawa inamtia haya. "Wengi wenye kucha hizi wanazeeka na figo zao salama," alisema. "Inawezekana na wewe utazeeka salama, ukiwa na mbili. Lakini ukibaki na moja, na hiyo moja ikaja kugoma kama zilivyogoma za mama yako, utashika wapi?"

"Ikigoma ni yangu. Nitajua mwenyewe."

"Na huyu? Ana nani mwingine wa kumbeba akianguka?"

"Mtoto usimwingize!" Msusi alisimama. "Nilikuja kwa kucha, daktari. Kwa kucha tu! Mama yangu yuko juu pale anahesabu siku, nimpelekee nini sasa? Nimwambie mwezi una pembe?"

"Siwezi kukushika mkono kwa nguvu," daktari alisema. "Lakini ya mtoto nimeyaona, na wale wa figo nitawaambia wakuangalie upya. Nakuambia wewe kwanza, sitaki kukuzunguka."

Msusi alikuwa bado anatafuta neno la kumjibu, neno baya, mlango ulipogongwa. Aliingia bibi mmoja mwembamba, bandeji mkononi, ameegemea bega la mwanaume mkubwa aliyelazimika kuinama mlangoni. Ni bibi yake Bondia, ametoka kwenye mashine, na Mjomba, yule dereva wa lori.

"Shikamoo, mama," daktari alisema.

"Marahaba, mwanangu. Tumeona mmechelewa, nikasema tuwafuate."

Bibi alitoa mkono. Daktari aliupokea, na kwa mara ya kwanza ambayo mtu yeyote anaweza kuikumbuka, alisalimiana na mtu akimtazama usoni tu. Alikaza shingo asiteremshe macho. Mkono ulikuwa mkavu na mwepesi, na chini ya kidole chake alihisi gumba lisilo na kitu kigumu mwisho wake.

Pengine mambo yangeishia hapo. Lakini Bondia hakuwa na siri ya kulinda. "Bibi," alisema, "daktari anataka kuona magumba ya mama, na mama hataki. Ya kwangu yana mwezi!"

Bibi aliangalia nyuso, mmoja baada ya mwingine. "Mbona mmekaa kama mna msiba? Magumba yana nini?" Akaisogelea meza. "Kama ni magumba, haya hapa ya kwangu." Akayatoa mbele ya taa. Kucha zilikuwa vijipande viwili tu, vyembamba kama ganda la kitunguu. "Mimi nilizaliwa hivi. Na huyu," akamwelekezea kidevu binti yake, "la kulia nusu, la kushoto kasoro kidogo. Nilimkata kucha mimi mwenyewe akiwa mchanga, sasa anamficha nani? Shuleni walipoanza kumcheka ni mimi niliyemwambia, funika mwanangu, watu wana midomo."

"Mama, nyamaza," msusi alisema.

"Sinyamazi. Mwanangu daktari, zina nini?"

Daktari alimtazama msusi. "Siwezi kusema mpaka yeye aniruhusu."

Msusi alirudi kuketi, safari hii kitandani, akamvuta Bondia mapajani ingawa alishapita umri wa kupakatwa. "Mwambie," alisema. "Mimi mdomo haufunguki."

Daktari alisema yote tena, bila shangwe, neno baada ya neno: kucha, goti, kiwiko, figo. Bibi alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa upande mmoja. Aliuliza maswali, na yalikuwa maswali mazuri. Je, ingewezekana mtoto mmoja apate na mwingine akose? Ndiyo, ni nusu kwa nusu, kila mtoto na bahati yake. Je, mtu angeweza kuipata kwa kula chumvi? Hapana. Kwa kutokunywa maji? Hapana.

"Kumbe si presha," Bibi alisema.

"Huenda presha ilikuja baadaye, ikafuata figo."

"Tangu niumwe najiuliza nilifanya nini. Usiku kucha, nilikula nini, nilikosea wapi. Kumbe nilikuja nayo duniani mkononi, naiona kila siku." Alicheka kidogo, kicheko cha kweli. Kisha akamgeukia binti yake. "Figo yako siitaki."

"Mama!"

"Siitaki. Nikae nayo tumboni nikijua ndiyo uliyokuwa unaihitaji?"

"Utakufa!"

"Nikifa, nitakufa nikiwa mama yako. Sitakufa nikiwa mwizi wako."

Msusi alilia. Hakulia kwa heshima, alilia kama watoto wanavyolia, pua na vyote, akimwangushia Bondia machozi kichwani. Daktari alitaka kumshika bega akaogopa. Mjomba alikuwa amesimama mlangoni, mikono mifukoni, akitazama viatu vyake.

Kilio kilipopungua msusi alivuta mkoba wake. Akatoa chupa ya dawa ya kutolea kucha, pamba na karatasi ya foili. Alikuwa navyo tayari kwa ajili ya wiki ijayo. "Kama ni kuandika," alisema huku akipenga kamasi, "andika vizuri."

Alivifunga vidole vyote kumi kwa pamba iliyolowa dawa na foili juu yake, na wakasubiri. Chumba kilijaa harufu ya saluni. Bibi alimuuliza daktari kama ana watoto, daktari akasema anao, na kucha zao ni za kawaida kabisa, akasema hivyo kwa masikitiko kidogo mpaka Bibi akacheka tena. Kisha msusi akafungua foili, moja baada ya nyingine, na zile za zambarau zikadondoka kwenye bakuli la chuma.

"Tuweke mikono kwenye kitambaa?" aliuliza.

"Hapana," daktari alisema. Alikikunja kitambaa cha buluu akakisogeza pembeni, akiwafikiria watoto wote ambao magumba yao yalilala ubavu kwenye picha zake, na ambao sasa atalazimika kuwaita tena. "Kunja ngumi. Kama Bondia."

Bondia aliteremka kwenda kuangalia. Alichungulia ngumi ya mama yake kwa karibu, pua nusura iguse. Nusu ya ukucha wa kulia haikuwepo. Chini yake kulikuwa na kimwezi chenye ncha.

"Mama!" alipiga kelele. "Kumbe na wewe!" Akaweka ngumi yake kando ya ya mama, akaenda kuikokota ya Bibi, akazipanga tatu mezani, akawa anaruka kwa miguu yake isiyoaminika. Daktari alipiga picha. Halafu Bondia aliacha kuruka. "Mbona hukuniambia?" alimuuliza mama yake. "Nilikuwa nakaa peke yangu na ndoo."

Msusi alikishika kidole gumba cha mtoto kwa vidole vyake vitupu. "Nilikosea," alisema. "Kesho nitakwenda na wewe. Nitamwonyesha mwalimu za kwangu."

Bondia aliona hiyo inatosha. "Na wewe Mjomba, kunja."

Mjomba alisita. Kisha akatoa mikono mifukoni, mikono mipana yenye grisi iliyokataa kutoka, akakunja ngumi mbili chini ya taa. Kucha zilikuwa nzima, pana kama vijiko, na miezi yake ilikuwa mviringo safi.

"Aa," Bondia alisema kwa kuvunjika moyo. "Mjomba hayumo."

Wote walikuwa wakiangalia magumba yale, na aliyeyaangalia kwa muda mrefu zaidi alikuwa mwenyewe. Jasho lilianza kumtoka kwenye paji la uso. Bibi aligeuza macho dirishani makusudi, asije akaonekana anaomba.

"Daktari," Mjomba alisema, "hao wa figo wanaanza na sindano?"

"Wanaanza na sindano. Na sikudanganyi, ziko nyingine baadaye. Tena kucha peke yake hazitoshi, watakupima kila kitu, na inawezekana damu yako isikubaliane na ya mama."

"Lakini inawezekana ikakubali."

"Inawezekana."

"Naweza kulala chini kabisa kabla hawajaanza? Ili nisianguke?"

"Kuanguka si kitu, Mjomba," Bondia alisema. "Mimi naanguka kila siku. Unakunja ngumi, unaamka."

Akamshika kidole gumba, kile chenye mwezi wa mviringo, akamwongoza kwenye korido kuelekea lifti.